Mtaji wa biashara Dar es Salaam: fedha ipi, kwa kazi ipi, na utaipata wapi

Ukimuuliza mwenye duka la vipodozi Mbagala, fundi wa samani Keko au mama wa mgahawa Buguruni shida yake ni nini, jibu ni moja: mtaji. Ukiuliza mtaji wa kufanyia nini, hapo kimya kinaingia kidogo, kisha anasema, "Wa kuongezea biashara." Jibu hilo ndilo linalowagharimu watu wengi. Pesa ya kuongeza mzigo wa wiki mbili haifanani na pesa ya kununua mashine ya kuranda mbao, na aliye tayari kukupa ya kwanza mara nyingi siye anayefaa kukupa ya pili. Biashara nyingi zilizokufa kwa madeni hapa mjini zilipata mkopo bila shida. Kilichoziua ni kuchukua pesa ya haraka na ya muda mfupi kwa kazi ambayo faida yake ilikuwa bado mwaka mzima.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye biashara inayotembea tayari, kuanzia genge mpaka kampuni ya watu kadhaa. Kwa kipimo cha Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003, biashara ndogo sana ina watu hadi wanne na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Biashara ndogo ina watu 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200, na ya kati ina watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800. Watu wengi wa Dar tuko kundi la kwanza, hata wale wanaojiita wakurugenzi.

Hatua ya kwanza: andika kazi ya pesa na siku itakayorudi

Chukua karatasi. Juu andika kiasi unachotaka, chini yake andika kila kitu utakachonunua na bei yake ya leo, halafu pembeni ya kila kitu andika pesa hiyo itarudi lini mkononi mwako. Mzigo wa madera kutoka Kariakoo unaouzika vizuri unaweza kurudi ndani ya wiki mbili au tatu. Friji ya vinywaji itarudi polepole kwa miezi. Fremu ni habari nyingine kabisa: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, pengine na kilemba juu yake, na pesa hiyo hairudi kwa mauzo ya mwezi huu wala ujao.

Ukimaliza utaona pesa zako zimejigawa mafungu matatu. Kuna pesa ya mzunguko, yaani mzigo na malighafi. Kuna pesa ya kukaa, yaani mashine, gari, kodi na ukarabati. Na kuna pesa ya oda, pale mteja mkubwa ameshakuagiza lakini atalipa baada ya siku 30, 60 au zaidi. Kila fungu lina mlango wake. Anayechanganya yote katika mkopo mmoja wa miezi sita atajikuta mwezi wa tatu anauza mzigo ili alipie mashine. Mwezi wa tano rafu zitakuwa tupu.

Angalia na kalenda. Mauzo ya nguo hupanda kuelekea Idi na mwezi Desemba. Januari watu wanalipa ada na kodi, na mitaa inapoa. Mkopo uliochukuliwa katikati ya Desemba, rejesho la kwanza likaangukia katikati ya Januari, ni mtego uliojitega mwenyewe.

Hatua ya pili: tafuta ndani kabla ya kwenda nje

Fungua daftari la madeni. Katika maduka ya jumla na hata vioski, pesa nyingi imelala kwa wateja waliochukua kwa mkopo, na mwenye duka anaona aibu kudai. Nusu ya deni hilo ikirudi, huenda mkopo uliokuwa unaufikiria hauhitajiki. Kisha angalia mzigo uliokaa zaidi ya miezi mitatu. Uuze hata kwa bei ya kununulia, kwa sababu pesa iliyolala kwenye rafu inakula kodi ya fremu kila siku.

Halafu kuna mali kauli, ambayo kwa maoni yangu ndiyo benki kubwa kuliko zote Kariakoo. Mwenye duka la jumla anakupa mzigo leo, unauza, unamrudishia pesa yake Jumamosi. Hakuna fomu wala dhamana ya nyumba, kinachokubeba ni jina lako. Mara nyingine bei yake iko juu kidogo ya bei ya taslimu, na tofauti hiyo ndiyo riba hata kama hakuna anayeiita hivyo. Ipige hesabu: kama katoni ni 48,000 taslimu na 50,000 kwa mali kauli ya wiki mbili, umelipa takribani asilimia 4 kwa wiki mbili. Kwa mzigo unaotoka haraka na wenye faida ya asilimia 20, hiyo ni sawa. Kwa mzigo unaosuasua, hapana. Ukitaka mali kauli kubwa zaidi, anza na ndogo na ulipe siku moja kabla ya ahadi, maana wauzaji wa jumla wanaongea wao kwa wao.

Hatua ya tatu: biashara iwe na jina, namba na kumbukumbu

Huwezi kukwepa hapa. Jina la biashara linasajiliwa BRELA kwa njia ya mtandao, ukiwa na namba ya NIDA. TIN inatolewa na TRA bila malipo, na leseni ya biashara inatoka halmashauri yako: Jiji la Dar es Salaam kwa upande wa Ilala, au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Wengi wanaogopa TIN kwa sababu ya kodi. Lakini mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato ya makadirio, na kati ya milioni 4 na 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka, wakati anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa mauzo ya milioni 5, huyo wa pili analipa 30,000. Daftari la shilingi elfu mbili limemwokolea elfu sabini, na daftari hilohilo ndilo afisa mikopo atakaloomba kuliona.

Kumbukumbu zenyewe si lazima ziwe za kihasibu. Andika kila siku mauzo, manunuzi, matumizi ya biashara, na pesa uliyochukua kwa ajili ya nyumbani. Hiyo ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayokula mtaji.

Pitisha mauzo mahali yanapoacha alama. Chukua Lipa Namba, uibandike ukutani, na benki peleka mauzo ya taslimu kila baada ya siku mbili tatu hata kama utayatoa kesho yake kununua mzigo. Mkopeshaji akitazama taarifa ya miezi sita anataka kuona pesa inaingia na kutoka kwa mwendo unaoeleweka. Akaunti iliyokaa tupu miezi mitano kisha ikaingia milioni 8 wiki ya kuomba mkopo haimdanganyi mtu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mikopo yako, ya simu ikiwamo, huripotiwa kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji unaosimamiwa na Benki Kuu, na kampuni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet hutengeneza ripoti kutokana nao. Omba ripoti yako kabla hujaenda benki. Deni dogo la simu ulilolisahau kwenye laini ya zamani linaweza kukukwamisha, na ni bora ulione wewe kwanza.

Hatua ya nne: chagua mlango

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi zinazopokea amana, la pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii, vikoba vikiwamo. Ukijua uliyekaa mbele yake yuko daraja gani, unajua ni nani anayemsimamia na pa kulalamikia. Nitaanza chini kupanda juu.

Mchezo na kikoba. Mchezo, au upatu, ni mzuri kwa kitu kimoja chenye bei inayojulikana, mathalani cherehani au friji, ilimradi watu mnafahamiana na zamu yako haiko mwisho wa foleni. Kikoba kinakwenda mbali zaidi: mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana kwa riba mliyopanga wenyewe, na mwisho wa mzunguko mnagawana, kwa hiyo riba uliyolipa inarudi kwenu. Ila fedha za kikoba ni pesa za mzunguko tu. Kikundi cha watu 25 kinachonunua hisa za elfu tano tano hakiwezi kukukopesha mashine ya milioni 9, na ukikilazimisha utagombana na majirani. Hakikisha kikundi kimesajiliwa halmashauri, kina katiba, na pesa haikai kwenye pochi ya mweka hazina. Vikundi vingine hutunza fedha kwa njia ya simu kama M-Koba, ambako kila mwanakikundi anaona kinachoingia na kutoka. Mtu akikuletea "kikundi" kinachoahidi kuzidisha pesa yako mara mbili bila biashara yoyote, kumbuka DECI, upatu uliosambaratika mwaka 2009 na pesa za watu, na uende zako.

SACCOS. Desturi ya SACCOS nyingi ni kukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo mlango huu unahitaji uvumilivu: weka leo, kopa mwakani. Kwa mfanyabiashara wa soko lenye SACCOS imara yenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, hii ni pesa nzuri ya kukaa. Udhaifu wake ni uongozi. Hudhuria mkutano mkuu mmoja, sikiliza hesabu zinavyosomwa, utajua kama utaweka pesa yako au la.

Mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya fedha kupotea na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Jiji la Dar es Salaam liliwekwa kati ya halmashauri 10 za majaribio ambazo fedha zao hupitia benki.

Kutokuwa na riba kunavutia, lakini njia ni ndefu. Unahitaji kikundi cha watu watano au zaidi (mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake), cheti cha usajili wa kikundi, katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, na andiko la mradi. Maombi yanapitia mfumo wa Wezesha. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Usianze kwa mtu anayekwambia ana mtu wake halmashauri. Fomu haziuzwi, na anayeomba chochote ili "asukume faili" anakula pesa yako.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: usiunde kikundi kwa ajili ya mkopo. Watano waliokutana mwezi uliopita, kila mmoja na biashara yake kichwani, watagawana pesa siku hiyohiyo na rejesho litabaki kwa mwenyekiti. Kikundi kinachofaa ni kile ambacho tayari kinafanya kitu pamoja, kama mafundi wanaotumia mashine moja au kina mama wanaosindika viungo jiko moja. Katika andiko, weka bei halisi za vifaa na barua ya muuzaji. Maandiko mengi hukataliwa kwa kuwa yamenakiliwa, jina la mtaa mwingine likiwa bado ndani.

Kampuni za mikopo. Hizi za daraja la pili ziko kila kona, kuanzia Manzese hadi Gongo la Mboto. Zinatoa haraka, zinapokea dhamana ambazo benki haitaki (kadi ya pikipiki, vyombo vya ndani, mzigo wenyewe) na zinalipisha zaidi. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hili. Anayekutoza asilimia 10 au 20 kwa mwezi anavunja masharti, hata kama ana ofisi yenye kiyoyozi. Omba kuona leseni ya Benki Kuu. Inatakiwa ibandikwe mahali pa wazi. Kampuni hizi zinafaa kwa pesa ya mzunguko, miezi mitatu hadi sita.

Kausha damu na programu za simu. Kausha damu ni mikopo ya mtaani ya kurejesha kila siku. Chukulia umepewa 200,000 asubuhi, urejeshe 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 260,000, na unaambiwa riba ni asilimia 30. Lakini umeanza kurejesha kesho yake, hivyo wastani wa pesa yao uliyokuwa nayo mwezi huo ni kama laki moja tu, na umeilipia elfu sitini. Hakuna biashara ya mboga wala mitumba inayobeba gharama hiyo mwezi baada ya mwezi. Upande wa simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Nyingi hudai ruhusa ya kusoma namba za watu kwenye simu yako, kisha ukichelewa siku mbili shemeji yako na mchungaji wako wanapata ujumbe. Usiruhusu. Mikopo midogo ya simu inayotolewa na benki na mitandao yenye leseni ni jambo tofauti, lakini nayo ni ya kuzibia pengo la siku chache. Ukiona unaikopa kila wiki, tatizo liko kwenye bei yako au matumizi yako.

Benki. CRDB, NMB, NBC, TCB, Azania na nyinginezo zina madawati ya wajasiriamali, na riba zao za biashara huwa karibu na asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka, kulingana na mkopo na mkopaji. Kwa pesa ya kukaa, hakuna mlango wa bei nafuu zaidi ukiacha halmashauri. Kikwazo ni dhamana. Hati miliki ndiyo inayopokelewa vizuri kuliko vyote. Leseni ya makazi, ambayo watu wengi wa maeneo yasiyopimwa Dar wanayo, hupokelewa na baadhi ya benki kwa thamani ndogo. Angalia haijaisha muda. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, peke yake, haikufikishi mbali.

Usiyekuwa na nyumba, uliza swali moja dirishani: "Mna mikopo inayodhaminiwa na mfuko gani?" Kuna mifuko ya dhamana inayobeba sehemu ya hasara ya benki, PASS na TADB kwa kilimo na usindikaji, na Benki Kuu yenyewe ina mpango wa dhamana kwa biashara ndogo na za kati. Mtu anayesaga nafaka Tandale au kufungasha asali Tegeta anaweza kuingia humo bila kujua kwamba kazi yake inahesabika kuwa ya kilimo. SIDO nao, mbali na mafunzo, wanakopesha kupitia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali.

Asiyetaka riba kwa sababu ya dini ana Amana Bank, iliyofunguliwa 2011, na madirisha ya benki nyingine, likiwamo Al Barakah la CRDB. Kwa murabaha, benki inanunua kile unachokihitaji na kukuuzia kwa bei iliyoongezwa, unalipa kidogo kidogo, na bei haibadiliki. Linganisha bei hiyo ya mwisho na jumla ya marejesho ya kwingine. Uhalali wa mkataba haukuzuii kupiga hesabu.

Mashine na vyombo vya moto. Kampuni ya EFTA inatoa mashine kwa utaratibu ambao mashine yenyewe ndiyo dhamana: unatanguliza sehemu ya bei, unalipa kwa miezi kadhaa, inakuwa yako. Kwa fundi wa Keko au Gerezani, hii inaacha mkopo wa mzigo uendelee na kazi yake. Kwa bajaji na bodaboda mtaani kuna "mkataba", ambapo dereva humlipa mwenye chombo kila siku hadi kiwe chake. Kabla ya kusaini, zidisha. Elfu kumi kwa siku kwa siku 360 ni milioni 3.6, kisha nenda dukani uulize pikipiki hiyohiyo taslimu ni kiasi gani. Mkataba useme nani anatengeneza ikiharibika, nani analipa bima, na siku ya kuumwa inahesabiwaje. Kadi ibadilishwe jina siku ya rejesho la mwisho, na hilo liandikwe humo.

Oda na zabuni. Sheria ya ununuzi inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni zote sasa ziko kwenye mfumo wa NeST, kwa hiyo jisajili humo kwanza. Ukipata LPO, yaani hati ya oda kutoka kwa mnunuzi, baadhi ya benki hukopesha sehemu ya thamani yake na kutaka malipo yapite kwao. Panga kwa kudhani utalipwa baada ya muda mrefu mara mbili ya ulioandikwa. Mwenye biashara ya chakula aliyelisha semina za ofisi tatu akasubiri malipo hadi mwaka wa fedha ukageuka, anajua kwa nini nasema hivyo.

Mbia. Biashara ya kati inayokua haraka isikimbilie deni kila wakati. Kumuuzia mtu hisa kunahitaji kampuni iliyosajiliwa, hesabu zilizokaguliwa, na makubaliano ya maandishi hata kama mbia ni kaka yako, hasa kama mbia ni kaka yako. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kampuni zinazokua, na Maendeleo Bank ilianzia hapo mwaka 2013. Kwa wengi bado ni mbali.

Hatua ya tano: soma bei halisi

Usikubali kuambiwa asilimia pekee. Uliza mambo matatu: riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya salio linalopungua, makato yote ya mwanzo ni kiasi gani, na jumla nitakayokuwa nimelipa siku ya mwisho ni shilingi ngapi.

Tazama milioni 6 kwa miezi 12. Kwa asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote, unalipa 710,000 kila mwezi, na riba ya jumla ni 2,520,000. Kwa asilimia 3.5 ileile juu ya salio linalopungua, rejesho ni kama 621,000 na riba yote kama 1,450,000. Ni "tatu na nusu" ileile, tofauti inazidi milioni moja. Benki inayotoza asilimia 18 kwa mwaka juu ya salio linalopungua itakutaka kama 550,000 kwa mwezi, riba yote ikiwa karibu laki sita.

Kisha weka makato. Ada ya kushughulikia mkopo, bima, tathmini ya nyumba, mwanasheria, akiba ya lazima. Kama mkopo ni milioni 6 na mkononi umepokea 5,550,000, basi umekopa 5,550,000 na unalipa riba ya milioni 6.

Rejesho lisizidi theluthi moja ya faida yako ya mwezi baada ya kutoa matumizi ya nyumbani. Afisa atakwambia nusu inawezekana. Yeye ana lengo la mwezi la kutimiza, wewe una ada za watoto.

Hatua ya sita: faili na ugeni wa afisa mikopo

Faili la kawaida lina nakala ya kitambulisho cha NIDA, TIN, leseni, cheti cha BRELA, mkataba wa pango, taarifa ya benki au simu ya miezi sita, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, picha, karatasi za dhamana, na wadhamini wawili. Chapa kila kitu mara mbili na ubaki na seti yako.

Afisa atakuja dukani, na mara nyingi hatasema siku. Atahesabu mzigo kwa macho, atauliza bei ya kununulia na ya kuuzia ya vitu vitatu vinne, atamtania jirani yako ili asikie unavyoishi. Watu wengine huazima mzigo kwa rafiki siku hiyo kujaza rafu. Maafisa wanajua mchezo huo: vumbi la katoni za juu na la katoni za chini halifanani. Mwambie ukweli kuhusu madeni mengine uliyonayo. Atayaona kwenye ripoti hata hivyo, na kinachofanya ukataliwe mara nyingi ni uongo kuliko deni lenyewe.

Ukikataliwa, uliza sababu na uandike. "Mzunguko mdogo" ina dawa ya miezi sita. "Dhamana haitoshi" ina dawa nyingine.

Hatua ya saba: kabla ya kuweka saini

Chukua mkataba nyumbani usiku mmoja. Tafuta kifungu cha faini ya kuchelewa, kifungu cha kulipa mapema (wengine wanakutoza kwa kumaliza deni haraka) na kifungu kinachoruhusu riba kupandishwa.

Kama dhamana ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi wako. Usimfiche mkeo au mumeo, wala usitafute mtu wa kusaini kwa niaba yake. Kesi za namna hii zimejaa mahakamani na mwisho wake wote mnapoteza muda, fedha na ndoa. Naye mdhamini aelezwe kwamba saini yake ni deni. Asiyelijua hilo atakuwa adui yako.

Hatua ya nane: kulipa, kuchelewa na kumaliza

Tenga rejesho kila siku. Kama ni 550,000 kwa mwezi na unafungua siku 26, weka 21,500 kila jioni kwenye akaunti tofauti kabla hujaenda nyumbani. Anayesubiri tarehe 28 ndipo atafute pesa, anaishia kuchukua kausha damu alipe benki.

Ukiona mwezi unaokuja hautafika, labda moto umepita sokoni, bomoabomoa, au mgonjwa hospitali, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, na barua mkononi. Omba muda wa marejesho urefushwe au upewe miezi ya kulipa riba tu. Kabla ya tarehe hiyo kupita bado unaongea na afisa wako. Ukizima simu utaongea na dalali. Nyumba iliyowekwa rehani haiuzwi kwa kushtukiza: sheria inataka notisi ya siku 60 kwanza, na muda huo ndio wa kumtafuta mwanasheria au mnunuzi wako mwenyewe, maana mnada huuza kwa bei ya chini. Malalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni yanaanzia kwake kwa maandishi, na yasipotatuliwa unayapeleka Benki Kuu. Aliyetangaza deni lako kwa watu wa kwenye simu yako anaweza pia kushtakiwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Siku ya rejesho la mwisho dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Chukua tena mkononi mwako hati yako, kadi ya chombo na hundi zozote ulizoacha. Kama nyumba iliwekwa rehani, hakikisha rehani imefutwa kwa Msajili wa Hati, kwa sababu hati iliyo kabatini kwako huku daftari la msajili likiionyesha bado imefungwa haitakusaidia siku ya kuuza au kukopa tena. Baada ya mwezi mmoja au miwili, omba tena ripoti yako ya mikopo uone deni hilo limeandikwa limelipwa. Kama bado linaonekana halijalipwa, peleka ile barua kwa mkopeshaji arekebishe.